Mahindi Mabovu Yaende Wapi?

Kila nyumba inayochambua mahindi hubaki na mafungu mawili. La kwanza linakwenda mashineni, na mwisho wake tunaujua. La pili ni punje zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, zilizosinyaa, zilizogeuka kijani au nyeusi, na zile zenye vumbi la ukungu linaloruka ukizipuliza. Fungu hilo kwa kawaida halitupwi. Tumelelewa tukiambiwa chakula hakitupwi, na mwaka wa njaa ni nani atabishana na malezi hayo? Basi fungu la pili litamwagiwa kuku, litasagwa na pumba za ng'ombe, litauzwa bei ya chini kwa mama anayepika pombe, au litarudishwa kidogo kidogo kwenye debe la kusaga, kwa imani kwamba likichanganywa na mazuri halitadhuru.

Ushauri mwingi tunaopewa kuhusu sumukuvu unaishia kwenye kukausha na kuhifadhi. Ni ushauri mzuri, nami nitaurudia hapa. Lakini nadhani unaacha nusu ya kazi, maana mkulima anayefundishwa kutenga mahindi mabovu bila kuambiwa ayapeleke wapi atayapeleka palepale alipoyapeleka babu yake, na sumu itamrudia mezani kwa njia nyingine.

Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutengenezwa na fangasi wa jamii ya Aspergillus. Fangasi hawa wako kwenye udongo wa mashamba yetu na kwenye mabua ya mwaka jana. Huwezi kuwafukuza wote. Hupenda joto. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kubeba, au yakitobolewa na wadudu, punje hupata nyufa na fangasi huingia yakiwa bado shambani. Halafu yakivunwa na kurundikwa yakiwa na unyevu, huongezeka kwa kasi. Ndiyo maana maeneo ya joto na mvua za kubahatisha, kama Dodoma na Manyara kwa Tanzania na Ukambani kwa Kenya, hutajwa kila mara habari hii inapozungumzwa. Karanga nazo hushikwa vibaya, pengine kuliko mahindi.

Sumu yenyewe haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukungu unaweza kuonekana, lakini ukiufuta au ukiuosha, sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje hubaki. Na yapo mahindi yanayoonekana safi kabisa ambayo yanayo. Kupika hakusaidii: maji yanachemka kwenye nyuzi 100, wakati sumu hii haianzi kuharibika vya kutosha mpaka joto lipite nyuzi 200. Ugali uusonge utakavyo, makande uyachemshe tangu asubuhi, sumu utaikuta. Wala kuvundika kwa ajili ya togwa au pombe hakuiondoi kiasi cha kuaminika.

Ikiingia mwilini kwa wingi ndani ya muda mfupi, hushambulia ini. Mgonjwa hutapika, tumbo huuma na kujaa maji, macho hugeuka manjano. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, waliugua watu 317 na kufa 125. Waliochunguza walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa katika masoko ya maeneo hayo, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Jambo lililojitokeza kwenye familia zilizopata wagonjwa ni kwamba nyingi zilikuwa zimehifadhi mahindi ndani ya nyumba wanayolala yakiwa bado mabichi. Ukiwaza, utaelewa sababu: mwaka wa chakula kidogo, mahindi yakibaki shambani yanaibwa, nje mvua inanyesha, mtu anaona bora ayaingize ndani.

Tanzania zamu ilifika mwaka 2016. Kuanzia katikati ya mwaka huo, vijiji vya Dodoma na Manyara vilipata ugonjwa ambao mwanzoni haukueleweka. Kufikia mwisho wa mlipuko walikuwa wameugua watu 68 na kufariki 20, wengi wao watoto. Hawakuwa wamekula kitu cha ajabu. Walikuwa wamekula ugali.

Matukio hayo yaliandikwa kwenye magazeti kwa sababu vifo vilikuja kwa mkupuo. Dozi ndogo za kila siku hazina gazeti. Tangu miaka ya 1980 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka sumu hii katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, nayo ni saratani ya ini. Mwenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B ndiye aliye hatarini zaidi. Kwake nguvu ya sumu hii kuleta saratani inakadiriwa kufika mara 30 ya mtu asiye na virusi hivyo. Kwa hiyo mtu anayeniuliza afanye nini cha kwanza kuhusu sumukuvu hushangaa nikimjibu: kapime homa ya ini, na hakikisha mtoto wako amemaliza chanjo zake za utotoni, maana ya homa ya ini imo humo.

Sasa tuje shambani.

Mahindi yamekomaa pale majani yanapokauka, na ukichomoa punje unaona alama nyeusi chini, mahali ilipokuwa imeshikana na gunzi. Baada ya hapo kila wiki unayoyaacha shambani ni zawadi kwa dumuzi na panya. Wapo wanaoyakata na mabua na kuyasimamisha marundo shambani yajikaushe. Rundo likigusa udongo, yaliyo chini yanakauka kwa upande mmoja na kuoza kwa upande wa pili. Vuna, menya, na tenga palepale magunzi yaliyoliwa na wadudu au yenye ukungu. Usiseme nitachambua nyumbani. Ukishayapukuchua, punje za gunzi moja baya zimesambaa gunia zima na hakuna jicho litakalozikusanya tena.

Anika juu ya turubai. Udongo mtupu, hata uliofagiliwa vizuri, una unyevu unaopanda usiku na una fangasi wenyewe. Kwenye lami ya barabara kuu, kama tunavyoona watu wakifanya, kuna matairi, mifugo na mvua ya ghafla. Tandaza kwa unene usiozidi vidole vitatu, geuza mara kwa mara, na jua likizama yakunje ndani ya turubai lilelile, kwa sababu umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya mchana mzima. Yakinyeshewa, mahindi yaliyolowa usiyarundike ukisubiri jua la kesho. Yatandaze hata sebuleni, madirisha wazi, upepo upite.

Kupukuchua kwa kuyatia kwenye kiroba na kuyapiga fimbo ni haraka, ila kila punje inayopasuka ni mlango. Mashine ya kupukuchulia ikirekebishwa vizuri ni bora, mradi mahindi yawe yamekauka. Mabichi huchubuka humo humo.

Kiwango cha unyevu kinachokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Vipo vipimo vya kuchomeka kwenye gunia, na vikundi vya wakulima vyaweza kuchangia kimoja. Asiye nacho atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye mfuniko. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Angalia hapo: chini ya 15 si sawa na 13.5, kwa hiyo hata chumvi ikikupitisha, yaanike siku moja au mbili zaidi ndipo uyafunge. Wazee wanaouma punje kusikia mlio hawakosei sana, lakini meno ya kila mtu yana majibu yake.

Mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kama PICS, inaua dumuzi bila dawa kwa kuwanyima hewa. Mimi naisifu, kwa onyo moja: ni ya mahindi makavu tu. Ukifungia mabichi humo umeyavundika. Viroba vya kawaida viwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na paa lisivuje. Kwa wanaolima eneo kubwa katika wilaya zenye tatizo, ipo pia Aflasafe, ambayo ni punje za mtama zilizopakwa fangasi wa jamii ileile lakini wasiotoa sumu. Inarushwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na fangasi wapole hao huwahi kukalia nafasi za wenye sumu. Tanzania na Kenya zote zimeisajili. Haitibu mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na haimfanyi mtu asikaushe.

Kwa watu wa mjini wasio na shamba, suala ni kununua. Nenda soko la nafaka, Kibaigwa au Tandale, umtazame mnunuzi mzoefu. Anachoma gunia kwa bambo, anamwaga punje kiganjani, anazipuliza, ananusa, anauma moja. Ni ujuzi wa kuheshimiwa na unamkinga na mengi, lakini sumukuvu haimo ndani ya mahindi kama chumvi ndani ya mchuzi. Imejikusanya kwenye punje chache, gunzi hili limejaa na la jirani yake ni safi. Bambo linapita kushoto, sumu iko kulia. Hata maabara hulazimika kuchukua sampuli kubwa kutoka sehemu nyingi za shehena, na bado majibu hutofautiana. Kumbuka ugomvi wa Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kisa cha sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya vyeti kwamba hayazidi sehemu 10 kwa bilioni. Madereva walilala mpakani na mizigo yao, kila upande ukiapa kwamba mahindi ya nchi yake hayana neno.

Ushauri wangu kwa anayeweza: nunua mahindi, si unga. Mahindi unayachambua, unga hauchambuliki. Asiye na nafasi ya kusubiri mashineni anunue unga wenye jina la msagishaji na alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Alama si hirizi. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya lenyewe lilisimamisha chapa tano za unga zilizokutwa na sumu kupita kiwango. Lakini angalau walikuwepo wa kusimamishwa. Unga wa kupimwa kwenye ndoo, usio na jina, bei chee kuliko mahindi yenyewe, umetengenezwa kwa mahindi gani? Na pale sokoni ukiona gunia limeandikwa “ya kuku”, usilinunue kwa ajili ya watu. Kusema kweli usilinunue hata kwa kuku, na hapo nitafika.

Kuchambua ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote zinazofanyika nyumbani, na haina gharama. Kwa kuwa sumu imejikusanya kwenye punje chache, na nyingi ya hizo zimevunjika, zimesinyaa au zimebadilika rangi, mtu mwenye ungo na mwanga wa kutosha anaweza kutoa sehemu kubwa ya sumu kwa kutoa sehemu ndogo ya mahindi. Pepeta kwanza, vumbi na chenga ziondoke. Kisha tandaza tabaka moja kwenye ungo, mbegu zionekane moja moja, na toa bila huruma. Ukiosha, zinazoelea usizirudishe. Funga kitambaa puani. Vumbi la ukungu halifai mapafuni.

Halafu kuna dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Najua wapo watakaonuna hapa, maana kwa miaka mingi tumehubiriwa kwamba dona ndiyo afya na sembe ni ulafi wa weupe. Ni kweli kwamba kukoboa kunaondoa virutubisho. Ni kweli pia kwamba sumukuvu imelala zaidi kwenye ganda na kiini, yaani kwenye pumba. Mahindi yaliyokobolewa yana sumu pungufu sana kuliko yaleyale yaliyosagwa mazima. Wakamba wanaokoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi wamekuwa wakipunguza sumu vizazi na vizazi kabla haijapewa jina. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: dona ni kwa mahindi unayoyafahamu, uliyoyakausha mwenyewe na kuyachambua. Mahindi ya kununua, ya msimu wa mvua, au ya mwaka wa ukame, koboa. Virutubisho vilivyopotea vitafute kwenye maharage na mboga za majani.

Watoto wana habari yao. Uji wa lishe tunaouamini, ule wa mahindi, karanga, soya na nafaka nyingine mbili tatu, unakusanya katika kikombe kimoja mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, na unanyweshwa kiumbe mwenye kilo nane mara tatu kwa siku. Tena mara nyingi husagwa wa mwezi mzima. Sisemi uachwe. Nasema karanga za mtoto zichambuliwe moja moja, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na chungu zitolewe. Zikaangwe na kusagwa peke yake, kidogo kidogo, ziongezwe kwenye uji wakati wa kupika. Mahindi yake yakobolewe. Na si lazima kila mlo uwe mahindi: ndizi, viazi, mchele na ulezi vipo, na kubadilisha chakula kunapunguza dozi bila maabara yoyote. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu. Ndiyo, sumu kidogo hupita hata humo mama anapokula mahindi mabovu, lakini dawa yake ni mama kula mahindi mazuri, si kumwachisha mtoto ziwa.

Turudi kwenye fungu la pili. Ng'ombe wa maziwa anayekula pumba au mahindi yenye sumukuvu huigeuza na kuitoa kwenye maziwa, kwa umbo jingine ambalo nalo ni sumu, na kuchemsha maziwa hakuliondoi. Anayekunywa maziwa mengi nyumbani ni nani? Kuku nao hudumaa, hutaga kidogo, hufa kwa magonjwa ambayo chanjo ingeyazuia, na mfugaji hulaumu dawa. Bata ndio dhaifu kuliko wote. Sumu hii yenyewe ilianza kufahamika duniani kupitia ndege: mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga wapatao 100,000 baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Kwa hiyo “ya kuku” si daraja la ubora. Ni uzembe uliopewa bei. Na pombe ya mahindi mabovu inanywewa na watu ambao maini yao tayari yana kazi nyingi.

Kuyachanganya na mazuri nako hakuyapunguzi makali. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, na punje moja iliyoshambuliwa sana inaweza kubeba sumu ya kuharibu sahani nzima. Kibaba cha mabovu kwenye debe la mazuri kinakupa debe bovu.

Basi mahindi yenye ukungu yachomwe moto, mbali na jiko na moshi wake, kisha majivu yafukiwe. Au yafukiwe kwenye shimo refu mbali na kisima, ambako mbwa, nguruwe na kuku hawatayafukua. Zile zilizovunjika tu, zikiwa kavu na hazina ukungu wala rangi ngeni, ukishindwa kabisa kuzitupa, wape kuku wa nyama wachache kwa kiasi kidogo, kamwe si ng'ombe anayekamuliwa. Inauma, najua, hasa kwa aliyelima kwa jembe la mkono. Ila uchungu huo utapungua mwaka unaofuata kama pesa ya turubai itatengwa kabla ya pesa ya viroba, maana wingi wa fungu la pili unaamuliwa zile siku chache za kuanika.

Na jambo la mwisho, kwa yeyote mwenye ndugu kijijini. Mtu akigeuka macho manjano, tumbo likajaa, anatapika, na hasa wakiwa wawili watatu wa nyumba moja au mifugo yao ikiwa inakufa, msipoteze siku kwa mganga. Sumu hii haina dawa ya kuizima. Hospitali inasaidia mwili upigane, na kila saa ina thamani. Mpelekeni, na mbebe kibaba cha mahindi wanayokula, kikavu, ndani ya mfuko wa karatasi, mumwonyeshe daktari ili yakapimwe. Wengine wote wa nyumba hiyo waache kula mahindi hayo siku hiyohiyo, na mwenyekiti wa kijiji aarifiwe, kwa sababu jirani huenda alinunua gunia kutoka shamba lilelile.